Bakuli la mawe lilitoka wapi?

Mzee mmoja wa Njoro alinijia na gunia begani. Ndani yake mlikuwa na bakuli la jiwe, zito, limelainika tumboni kwa kusagiwa. Alilifukua akilima. Kwa miaka saba kuku wake walinywea maji humo, mpaka mjukuu wake alipokwenda na shule yao makumbusho yetu ya Hyrax Hill, karibu na Nakuru, Kenya, akaona vyombo vya mawe vya jinsi hiyo, akarudi nyumbani kumwambia babu.

"Mwalimu, hiki kilikuwa cha nani?" akaniuliza.

Nami nikamrudishia swali: "Ulikitoa upande gani wa shamba, mzee? Udongo wake ulikuwaje? Kulikuwa na majivu, mifupa au vigae?" Nilimwona akivunjika moyo kidogo. Alitaka nilitazame bakuli, nami naulizia udongo.

Wageni wengi wa makumbusho hudhani hazina yetu ni vitu vilivyo kabatini. Nusu ya hazina hiyo ni maandishi yanayosema kila kitu kililala wapi na kililala na nini. Mabakuli ya mawe yalitumiwa na wafugaji walioishi Bonde la Ufa miaka kama 3,000 iliyopita. Tunajua waliwapa wafu wao kwa sababu yalikutwa makaburini, hayakuokotwa njiani. Mwaka 1938 wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba pango la Mto Njoro, wakakuta mabaki ya karibu watu 80 waliochomwa, pamoja na mabakuli, michi na shanga za mawe. Hapa Hyrax Hill, kilima kilichopewa jina la pimbi, Mary alichimba mwaka 1937 na 1938, akakuta wanawake waliozikwa na vyombo vya mawe. Angelitoa vyombo pasipo kuandika vilikuwa kando ya nani, leo tungekuwa na mawe tu.

Kilima kilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1943, na nyumba ya shamba iliyokuwa pale ikafunguliwa kwa umma kama makumbusho mwaka 1965. Ni nyumba ndogo. Watoto huimaliza upesi, kisha hukimbilia mwambani kwenye bao lililochongwa kwenye jiwe, wakabishana kama ni ajua au giuthi, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Huwa siwaharakishi.

Ninapopenda kukaa na wageni ni kwenye mabonde madogo ya mviringo, yanayoitwa mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa zamani wa nyanda hizi. Kwa muda mrefu wengi waliyachukua kuwa nyumba za watu. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia John Sutton alirudi kuchimba pale pale, na maelezo yakageuka: shimo lenyewe lilikuwa zizi, na nyumba zilijengwa ubavuni, mlango wake ukiingilia zizini. Samadi na matope yalitolewa kwa lango la upande wa mteremko, yakarundikana nje kama kichuguu. Niliwahi kusimama pale na mama mmoja anayefuga ng'ombe huko Bahati, karibu na Nakuru. Kabla sijafungua kinywa alionyesha lango kwa mkono: "Hapa ndipo walipotolea samadi. Ungeweka mlango juu, mvua ikinyesha ng'ombe wanalala majini." Nimesoma miaka mingi kufika alipofika yeye kwa kutazama mara moja. Tangu siku hiyo nikiwa na wafugaji huuliza kwanza, ndipo nieleze.

Hata kipande kidogo cha obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, hutegemea mahali. Kikiokotwa Naivasha hakishangazi, maana mawe hayo yamejaa huko na mlima Eburru. Lakini vipande vya kutoka huko vimechimbwa Gogo Falls, Migori, zaidi ya kilomita 150. Mtu akikitia mfukoni Migori, akakiacha Nakuru bila neno, safari yote hiyo imefutika.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inamtaka aliyegundua kitu cha kale aijulishe Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, na aonyeshe mahali hasa. Ukikuta kitu, kiache hapo hapo. Kipige picha kwa simu, chomeka mti kando yake, kisha utupigie au uje.

Mzee wangu hakujua hayo, wala sikumlaumu; tulikuwa hatujawahi kwenda kijijini kwao kuwaambia. Tuliongozana hadi shambani. Alizunguka, akasimama, akasogea hatua tano, akakanyaga ardhi kwa kisigino: "Ni hapa. Jembe liligonga nikiwa nautazama ule mti wa mugumo." Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na kwenye matuta kulikuwa na vigae viwili vya chungu na kipande cheusi cha obsidiani. Hatukuvigusa mpaka tulipovichorea ramani. Mjukuu ndiye aliyeshika kamba ya kupimia.

Kadi ya bakuli sasa ina mistari sita. Minne kati yake ni ya shamba.