"Shall" kwenye sheria si wakati ujao

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria Tanzania, na kazi ya kutafsiri inaendelea. Hata hivyo, sheria nyingi mwananchi bado anazikuta kwa Kiingereza, na malalamiko mengi tunayopokea yanakwama kwenye kitenzi kimoja: shall.

Wengi hukisoma kama walivyokariri shuleni, "I shall, we shall", kana kwamba ni habari ya kesho. Kanuni hiyo ya darasani iliandikwa na John Wallis katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1653. Kitenzi chenyewe ni kikongwe zaidi. Katika Kiingereza cha kale, "sceal" ilibeba maana ya "nadaiwa", na ndugu yake wa Kijerumani, "Schuld", hadi leo ni deni na pia hatia. Sheria imebaki na maana hiyo ya deni. Kwa hiyo sheria ikisema ofisa "shall give reasons", haisemi atatoa sababu siku akipata nafasi. Anawajibika kuzitoa.

Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kimemaliza ubishi: mamlaka yaliyotolewa kwa "may" ni ya hiari, na jukumu lililotolewa kwa "shall" lazima litekelezwe. Tafadhali, tusirudishane huko kila wiki.

Hii haimaanishi kwamba kila kosa la utaratibu linafuta kesi. Katika mwenendo wa jinai, Mahakama ya Rufani imeeleza kuwa "shall" husomwa pamoja na kifungu kinachouliza kama dosari imesababisha haki isitendeke.

Kwenye adhabu, msiishie kwenye "shall". Someni mpaka nukta. "Shall be liable to" peke yake kwa kawaida huweka ukomo wa juu, na hakimu anaweza kutoa pungufu; Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema hivyo mwaka 1967, tena kuhusu adhabu ya kifo. Yakifuata maneno "not exceeding", ni vilevile. Lakini yakifuata "not less than", hicho ni kima cha chini, na hakimu hashuki hapo. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano, huanzia miaka 30.

Afrika Kusini iliandika Katiba yake ya 1996 kwa "must" (lazima) badala ya "shall". Watafsiri wetu nao waandike "lazima" au "atawajibika". "Atatoa" pekee inarudisha utata uleule.

Mkija kuomba ushauri, leteni kifungu kizima pamoja na vifungu vyake vidogo, si picha ya mstari mmoja kwenye simu.