Je, wajua kwa nini rubani hurudia maneno ya mnara wa kuongozea ndege kabla ndege haijaruka?

Ndege inayotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam hairuki kwa ruhusa moja. Kwanza mnara humruhusu rubani kuitembeza ndege ardhini hadi mstari wa kusubiria, kando ya barabara ya kurukia. Kisha hupewa kibali cha safari: aendako, njia, kimo na tarakimu nne za kuweka kwenye transponda, kifaa cha ndege kinachoijibu rada, ili rada imtambue. Baadaye huruhusiwa kuingia barabarani na kujipanga. Ruhusa ya kuruka huja mwisho, ikitaja barabara na upepo. Kila moja ina mipaka yake, na hatari huanza pale moja inaposikika kama nyingine.

Ndicho kilichotokea Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977. Ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ilikuwa imejipanga kuruka kwenye ukungu mzito, huku ya Pan Am, shirika la Marekani, ikitembea kwenye barabara ileile. Mwongoza ndege akawapa KLM kibali cha safari. Hicho hakikuwa ruhusa ya kuruka, lakini ndani yake lilikuwamo neno la kuruka. Rubani msaidizi alikirudia, akamalizia kwa maneno yaliyoweza kueleweka kuwa wako mahali pa kurukia au kwamba wanaruka. Mnara ukajibu "OK", kisha ukawaambia wasubiri. Sekunde hizohizo Pan Am walikuwa wakitangaza kwamba bado wamo barabarani. Sauti hizo mbili ziligongana, na KLM walisikia mluzi. KLM wakaanza kuruka, wakaigonga ndege ya Pan Am, na watu 583 walikufa.

Tangu hapo kanuni ikawa kali: neno la kuruka hutamkwa tu wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta. Kabla ya ruhusa hiyo mnara husema "kuondoka". Kurudia maneno nako kukapewa uzito. Rubani hana budi kurudia njia ya safari, barabara atakayotumia, ruhusa ya kuingia, kuvuka au kusubiri nje ya barabara, kimo, uelekeo, tarakimu za transponda na kipimo cha mgandamizo wa hewa, kisha ataje jina la mwito la ndege yake. Kusema "roja" hakutoshi, kwa sababu kunaonyesha kwamba amesikia bila kuonyesha amesikia nini.

Kimo ndicho kinachoeleza vizuri kwa nini tunasisitiza hivi. Safari za kuelekea mashariki hupewa vimo vya witiri, kama 210 na 230, yaani futi 21,000 na 23,000. Zinazoelekea magharibi hupewa vya shufwa, kama 220 na 240. Kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ni kusini-mashariki, kwa hiyo ni witiri. Redioni tarakimu hutajwa moja moja, kwa Kiingereza: 210 ni "tuu wan ziro", 220 ni "tuu tuu ziro". Ukikosea silabi moja hapo, umepanda hadi kimo cha ndege inayokuja kutoka Dar, wakati utengano uliopangwa kati yenu ni futi 1,000 tu. Rubani akirudia 220, mwongoza ndege ana nafasi ya kumkatiza palepale, ila awe anasikiliza kweli. Akiwa tayari anaandika kibali cha ndege nyingine, sikio lake litasikia lile alilotegemea kusikia, na kosa litapita likiwa limethibitishwa na pande zote mbili.

Kipimo cha mgandamizo wa hewa nacho ni hivyohivyo. Kila hektopaskali moja ni futi 30 hivi. Aliyepewa 1015 akaweka 1025 kwenye kipimakimo chake ataamini yuko futi 300 juu zaidi ya alipo.

Redio yenyewe ina udhaifu wake. Anayeongea hasikii, kwani akibonyeza kitufe kipokezi chake hunyamaza. Akianza kusema kabla kitufe hakijashika vizuri, neno la kwanza hukatika, na mara nyingi neno hilo ndilo lililobeba maana. Kitufe kikikwama, masafa yote huzibwa. Kuhusu lugha, Watanzania wawili wangeelewana upesi kwa Kiswahili, lakini rubani mgeni aliye kwenye masafa hayohayo asingejua nani yuko barabarani. Kusikia ya wengine ni sehemu ya usalama wake.

Ziwa nalo huongeza kazi. Ndege huruka ikiukabili upepo, na barabara ya Mwanza ina majina mawili, 12 na 30, kulingana na upande unaoelekea. Asubuhi upepo wa nchi kavu hufifia, ukatoka wa ziwani, na barabara inayotumika inaweza kubadilika wakati rubani ameshapiga hesabu zake kwa ile ya kwanza. Hapo ndipo watu husikia namba ya zamani. Mvua za radi za usiku na alfajiri juu ya ziwa huleta jingine: rubani anaomba kukwepa wingu mara tu baada ya kuruka, na kibali kinabadilishwa akiwa na kazi nyingi mikononi.

Hata hivyo, maneno yanaweza kurudiwa sawasawa na maana ikapotea. Tarehe 2 Januari 2024 huko Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa ni namba moja kwenye foleni ya kuruka, itembee hadi mstari wa kusubiria. Ikarudia sawasawa, kisha ikaingia barabarani na kusimama kama sekunde 40, hadi ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitua ikaigonga. Watu watano wa walinzi wa pwani walikufa. Wote 379 wa ndege kubwa walitoka hai. Baada ya hapo Japani ilisitisha kwa muda kutaja namba ya foleni. Ndiyo maana kwenye chumba cha rubani wawili huambiana ruhusa waliyonayo kabla ya kuvuka mstari. Wakitofautiana, ndege inasimama na mnara unaulizwa upya.