Sumaku peke yake haiwashi taa

Hapa Dodoma zinasambaa video za "jenereta ya sumaku": feni kuukuu ya kompyuta, sumaku chache pembeni, balbu inawaka bila mafuta wala jua. Vijana wanaziamini na kumaliza akiba yao kwa sumaku. Inaniuma, maana mashine hiyo haiwezekani.

Tangu mwanasayansi Michael Faraday alipoonyesha mwaka 1831, inajulikana kwamba umeme hutokea sumaku na koili ya waya vinapopishana, na lazima kitu kisukume. Pindua baiskeli yenye dinamo ya volti 6, wati 3, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Taa ikiwa haijaunganishwa, linazunguka muda mrefu. Iunganishe: gurudumu linakuwa zito na kusimama mapema. Uzito ule ndio bei ya mwanga. Sumaku za pembeni haziwezi kuilipa, kwani nguvu zinayotoa zikivuta, huidai yote wakati wa kuachana. Balbu ya kwenye video kwa kawaida ina betri iliyofichwa.

Ila dinamo yenyewe jenga! Upepo wa huku kwetu na Singida, au pedali tu, vinatosha kuwasha taa ndogo ya LED. Ukitaka kuchaji betri, pitisha umeme kwanza kwenye daiodi nne (vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu), maana umeme wa dinamo hubadili mwelekeo na betri huhitaji mwelekeo mmoja.