Kanuni za mwenendo kwenye makongamano ya kitaaluma ni kitu gani hasa

Ukijisajili kwenye kongamano siku hizi kuna kile kiboksi cha kutiki kwamba umesoma na kukubali kanuni za mwenendo, na wengi wanatiki tu wanaendelea. Unachokubali pale ni kwamba kila aliyekuja, awe profesa mwenye jina au mwanafunzi wa masters, ana haki ya kusikilizwa na kufanya kazi yake bila kusumbuliwa wala kudharauliwa kwa sababu ya jinsia, rangi, dini, ulemavu au lafudhi yake.

Kuna wanaouliza, si watu wazima wale, kwani adabu hawana? Jamani, shida kubwa ni madaraka. Huyo anayekushika kiuno mkipiga picha huenda ndiye atakayepitia makala yako mwezi ujao, au ndiye mkuu wa maabara unayotaka kuomba nafasi, na mko hoteli moja, mbali na kwenu, jioni kuna vinywaji, na humjui hata mmoja wa kumwendea. Ndo maana kanuni nzuri haiishii kusema tuheshimiane. Inataja vitendo visivyokubalika, inataja kwa majina watu wa kupokea malalamiko, tena wawe zaidi ya mmoja maana anayelalamikiwa anaweza kuwa mwenyekiti wa kamati mwenyewe, na inasema nini kitafuata, kuanzia onyo, kutolewa ukumbini, mpaka kufungiwa asije tena. Kama haina jina la mtu wala namba ya kupiga, mimi naiona ni pambo.

Mwaka 2017 AGU, chama kikubwa cha wanasayansi wa dunia na anga kilichopo Marekani, kilibadilisha sera yake na kuweka unyanyasaji, ubaguzi na uonevu kwenye kundi la utovu wa maadili ya kisayansi, yaani fungu moja na kughushi data. Hapo ndipo jambo linapoanza kuwa zito kwa watu.

Ila usidhani ni unyanyasaji tu. Angalia kipindi cha maswali. Utafiti uliotoka kwenye jarida la kisayansi la PLOS ONE mwaka 2018 ulifuatilia semina 247 kwenye nchi 10 ukakuta wanawake wanauliza maswali machache kuliko wanaume hata wakizingatia idadi ya waliohudhuria, na swali la kwanza likiulizwa na mwanaume wanawake wanapungua zaidi. Kwa hiyo mwenyekiti wa kipindi ana kazi kubwa kuliko kutazama saa, anaweza kumpa mwanamke au mwanafunzi swali la kwanza, na anaweza kumkatisha yule bwana anayesema "sina swali, ni maoni tu" halafu anahutubia dakika tano wakati mtoa mada amesimama pale mbele anasubiri.

Halafu maiki. Mtu anaikataa anasema sauti yangu inatosha, mnanisikia eti? Asiyesikia vizuri inabidi ajitangaze mbele ya ukumbi mzima, na mwenye kifaa cha kusikia kilichounganishwa na mfumo wa sauti wa ukumbi hapati chochote hata huyo mtu apige kelele vipi. Shika tu maiki.

Na kuna mambo yanayoamuliwa kabla hata ukumbi haujafunguliwa, kama ada, tarehe, na nchi. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Afrika waliotakiwa kwenda Montreal kwenye warsha ya Black in AI, kundi la watafiti weusi wa akili mnemba (AI), walinyimwa viza za Kanada, sasa hata kanuni ziandikwe vizuri namna gani, mtu aliyebaki kwao zinamsaidia nini? ICLR, kongamano kubwa la kimataifa la akili mnemba, walipanga kuja Addis Ababa 2020 ikaishia mtandaoni kwa sababu ya Covid, wakafika Kigali 2023.

Kitu kingine watu hawajui, kanuni hizi kwa kawaida haziishii mlangoni pa ukumbi, zinafika kwenye dina, kwenye basi na kwenye grupu la WhatsApp la washiriki. Ukishuhudia mtu anasumbuliwa, msogelee, kaa naye, halafu muulize yeye anataka nini kabla hujakimbilia kwa waandaaji, kwa sababu atakayebaki na matokeo ya hiyo ripoti kwenye fani yake ni yeye. Akitaka kuripoti mwandikie ulichoona muda uleule, saa, mahali na maneno yaliyosemwa.