Mgonjwa Anayeacha Dawa Si Lazima Awe Mzembe

Imani hii ni ya siku nyingi: mgonjwa maskini akiacha dawa, basi ni mzembe, msahaulifu au haelewi. Kwa hiyo anakemewa.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilionyesha kuwa hata katika nchi tajiri, takribani nusu tu ya wenye maradhi ya kudumu hufuata matibabu yao ipasavyo. Ilitaja makundi matano ya sababu. Tabia ya mgonjwa ni moja tu, na hali ya maisha ni jingine.

Mtazame mama anayetumia kidonge cha presha kinachoongeza mkojo. Kazini anasimama kutwa, choo kiko mbali, na msimamizi anahesabu dakika. Asubuhi anakiacha. Jioni nako, kukimeza ni kuamka mara tatu usiku katika chumba wanacholala watano. Hajasahau kitu, amepiga hesabu.

Insulini, dawa ya sindano ya kisukari, ikiwa haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi; asiye na friji aiweke wapi? Metformini, kidonge cha kisukari, humezwa na chakula, na kuna siku chakula hakipo.

Wengine hukata kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi, na hawamwambii daktari kwa aibu (aibu ambayo, tuseme kweli, makemeo yetu yameikuza). Mhudumu akiuliza “Nini kilikuzuia wiki hii?” badala ya “Mbona humezi?”, mara nyingi husikia jambo linalorekebishika: saa ya kumeza, nauli ya kliniki, au haja ya kumwona afisa ustawi wa jamii.