Four Courts si mahakama nne

Safari hii kosa la kulitafsiri jina Four Courts lilikuwa ndani ya tafsiri niliyopewa niipitie kabla haijachapwa. Sentensi yenyewe ilisema hivi: "Mwaka 1922 mahakama nne za Dublin ziliteketea kwa moto." Kabla ya hapo nilishamsikia mtangazaji mmoja akitaja "majengo manne ya mahakama", na mwingine, mwenye bidii zaidi, akaeleza kwamba ni jengo lenye vyumba vinne vya kusikilizia kesi. Nimevumilia vya kutosha.

Four Courts ni jengo. Moja. Liko Dublin, ukingo wa kaskazini wa mto Liffey, kwenye gati la Inns Quay, na ndilo makao ya mahakama za juu za Ireland. Thomas Cooley alianza kujenga hapo mwaka 1776 ofisi za kuhifadhia nyaraka za serikali, akafariki 1784, James Gandon akaipokea kazi na kuipanua. Kesi zilianza kusikilizwa humo 1796, mafundi wakamaliza 1802. Maana ya neno imekwisha hapo. Shida yote iko kwenye hiyo "nne".

Neno letu mahakama limebeba mizigo miwili. Ukisema "nimeshinda mahakamani tangu asubuhi", unataja mahali: mabenchi, feni, karani anayeita majina. Ukisema "mahakama imemwachia huru", hukusudii kuta wala feni, unakusudia mamlaka. Katika Kiarabu tulikolichukua, maumbile ya neno ni ya mahali: mahali pa kuhukumu, kutoka mzizi uleule uliotupa hakimu, hukumu na hekima. Korti nayo, ukiifuata nyuma kupitia Kiingereza na Kifaransa hadi Kilatini, unaishia kwenye ua, kiwanja kilichozungushiwa uzio. Maneno yote mawili yalianza kama mahali yakahamia kwenye mamlaka, na ndiyo maana ni rahisi kuteleza. Kinachohesabiwa katika jina Four Courts ni mamlaka, si mahali. Palikuwa na mahakama nne zilizojitegemea, kila moja na majaji wake, taratibu zake na ada zake, na zote zikawekwa chini ya paa moja.

Zenyewe ni hizi, na hapa naomba mnivumilie, maana majina yake ni matamu kuliko kesi zilizosikilizwa humo.

Chancery ilikuwa mahakama ya Kansela. Mtu aliyeona sheria ya kawaida inambana bila haki alikimbilia huko, hasa kwenye mambo ya amana na mali za yatima. Jina linatoka kwenye neno la Kilatini la kizuizi cha mbao zilizopishanishwa, kama zile za madirisha yanayopitisha upepo na kuficha waliomo ndani. Kansela wa kwanza alikuwa bawabu tu, mtu aliyesimama kwenye kizuizi hicho kati ya hakimu na umati. Cheo kikapanda mpaka leo Mjerumani anampa kiongozi wa serikali yake. Kitenzi cha Kiingereza cha kufuta kimezaliwa humohumo, kwa kuwa aliyefuta maandishi aliyachora mistari ya kupishana, yakaonekana kama dirisha lile.

Exchequer ilianza kwenye mapato ya mfalme. Watu huitafsiri "Mahakama ya Hazina", na sina ugomvi nao, ila tafsiri hiyo inazika picha nzuri. Meza ya wahasibu wa mfalme ilitandikwa kitambaa cha miraba, cha drafti-drafti kama tunavyosema, na hesabu ikafanywa kwa kusogeza kete kutoka mraba hadi mraba. Kwa Kilatini meza hiyo iliitwa kwa jina la ubao wa sataranji, na jina la sataranji likarudi nyuma hadi Kiajemi, kwenye shah, yaani mfalme. Ndiye shaha wetu, yule wa malenga. Mtu wa Dublin aliyeitwa mbele ya Exchequer kwa deni la kodi hakujua kwamba ameitwa kwa neno ambalo mshairi wa Tanga angelitambua.

King's Bench ilishika jinai na mambo yanayomhusu mfalme mwenyewe. Bench ni benchi, kiti kirefu cha kukalia, halafu waliokikalia, halafu mamlaka yao. Mswahili hapaswi kushangaa. Baraza ni nini kama si kile kiti cha mawe mbele ya nyumba, walipokaa wazee, mpaka wazee wenyewe wakaitwa baraza, na leo tuna Baraza la Mawaziri ambalo halijawahi kukaa kwenye jiwe?

Ya nne ni Common Pleas, na hapa nina neno. Nimeona "Mahakama ya Madai ya Kawaida". Hapana. "Common" hapa haina maana ya kawaida, kana kwamba kwingine kulikuwa na madai ya ajabu. Ni madai ya raia kwa raia, deni la fulani kwa fulani, shamba la huyu lililovamiwa na yule, kwa kuyatenga na madai ambayo mfalme ni mhusika.

Kwamba jina ni la mahakama na si la jengo, ushahidi wake uko wazi: jina lina umri mkubwa kuliko jengo. Kabla ya Gandon, mahakama hizohizo nne zilikaa zaidi ya miaka 150 ng'ambo ya mto, zimejibana ubavuni mwa kanisa kuu la Christ Church, na hata pale watu waliita Four Courts. Zilipohama, zilihama na jina lao.

Ila nikiri, Gandon amechangia kosa. Alijenga ukumbi mkubwa wa duara chini ya kuba, halafu akaziweka mahakama nne kwenye pembe zake, kila moja ikifungukia ukumbini. Mgeni aliyesimama katikati ya duara angeweza kugeuka na kuzihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kwa hiyo anayesema "vyumba vinne" hakuota. Alichokosea ni kuona chumba ndicho mahakama.

Sasa turudi kwenye ile sentensi ya moto. Sheria ya 1877 iliziunganisha zile mahakama nne ziwe divisheni za Mahakama Kuu moja. Common Pleas ikamezwa na Queen's Bench (ndiyo ileile King's Bench, mtawala akiwa malkia) mwaka 1887, Exchequer ikafuata 1897. Wapiganaji wa Ireland waliopinga mkataba wa 1921 kati ya nchi yao na Uingereza walipoliteka jengo Aprili 1922, wakiongozwa na Rory O'Connor, lilikuwa na jina la mahakama ambazo hazikuwepo tena kwa hesabu hiyo. Jeshi la serikali mpya ya Ireland lilianza kulipiga kwa mizinga iliyoazimwa kwa Waingereza tarehe 28 Juni. Tarehe 30 ukatokea mlipuko mkubwa upande wa magharibi, ilikokuwa hifadhi ya nyaraka za taifa, na karatasi za karne saba zikapeperuka juu ya mji zikiwa majivu. Jengo liliteketea. Mahakama kama mamlaka haziungui. Ziliendelea kusikiliza kesi kwingineko, King's Inns, jumba la mawakili, kwanza, kisha ngome ya Dublin Castle, mpaka jengo lilipokuwa limekarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 1930.

(Na kwa kuwa nimeshagusa moto: si kweli kwamba sensa zote za Ireland za karne ya 19 ziliungua siku ile. Za 1821 hadi 1851 ndizo ziliungua, tena si zote, kuna mabaki. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe zamani, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ofisi huharibu karatasi kwa utulivu kuliko mizinga.)

Kuna mtego wa mwisho, na ndio unaonikera kwa sababu wanaonaswa ni watu makini. Leo humo hukaa Mahakama ya Juu Kabisa, Mahakama ya Rufani, Mahakama Kuu na Mahakama ya Mzunguko ya Dublin. Hesabu. Nne! Mtu hufurahi, anaamini ameupata ufunguo. Lakini Mahakama ya Rufani hiyo ilianzishwa 2014, na nyingine tatu zilianzia kwenye sheria ya 1924. Jina lilikuwa na zaidi ya miaka 100 ukutani kabla ya yoyote kati yake. Ni sadfa tu. Kesi kubwa za jinai zenyewe zilishahamishiwa jengo jingine kule Parkgate Street, ambalo hakuna anayelihesabu.

Kwa hiyo, ndugu mtafsiri, kazi yako ni nzuri na sentensi yako inahitaji marekebisho madogo tu. Liache jina kama lilivyo, kama tunavyosema "amepelekwa Kisutu" bila kutafsiri Kisutu. Ukiona lazima ulitafsiri, tanguliza jumba: Jumba la Mahakama Nne. Halafu upatanisho ulifuate jumba. Liliteketea, si ziliteketea. Nimeweka alama ya penseli pembeni.