Hakuna mtu wa "ubongo wa kulia"

Utasikia mtu akisema hesabu zimemshinda kwa sababu yeye hutumia ubongo wa kulia, ule wa wasanii. Wenye mantiki, eti, hutumia wa kushoto. Imani hii haikuzuka hewani. Katika miaka ya 1860 daktari Mfaransa Paul Broca alionyesha kuwa jeraha upande wa kushoto linaweza kumnyang'anya mtu usemi. Karne moja baadaye Roger Sperry, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1981, alichunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja la neva linalounganisha pande mbili, akaona kila upande una ujuzi wake.

Chumvi iliongezwa baada ya hapo. Wewe hujakatwa daraja hilo. Lina nyuzi zipatazo milioni 200, na habari huvuka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hata kuzungumza tu: kwa watu wengi upande wa kushoto hupanga maneno na sarufi, wa kulia husaidia kunasa kiimbo, mzaha na kejeli. Hesabu nazo huziamsha pande zote mbili, kwa hiyo kisingizio kile (nimewahi kukitumia mwenyewe) hakina mashiko.